Msaada wa mwaka wa kwanza uwe ndani ya somo lenyewe

Chuo kikitaka kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mara nyingi hufungua ofisi. Anawekwa mshauri, inapangwa semina ya jioni ya mbinu za kujisomea, linabandikwa tangazo. Wanaohudhuria ni wale ambao tayari wanajua kupanga muda wao. Aliyezidiwa haji: jioni ana kibarua, au anaona aibu, au hajajua bado kwamba amezidiwa, kwa sababu wiki ya sita imefika na hakuna kazi yake hata moja iliyosahihishwa. Mahali ambapo wote hupita, mwenye aibu na asiye na aibu, ni darasani. Kwa hiyo msaada unaowafikia wote ni ule uliofumwa ndani ya kozi: kazi gani inatolewa wiki ipi, swali limeandikwaje, mrejesho unarudi lini, zile dakika 50 za mhadhara zinatumikaje.

Hoja hii ina umri wake. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, kilianzisha kozi maalumu kwa wanafunzi wapya, na vyuo vingi vikaiga. Mwaka 1975 Vincent Tinto, mtafiti wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi kubaki au kuacha chuo kunategemea sana jinsi anavyoungana na maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo hicho, si uwezo wake peke yake. Kisha huko Australia, profesa Sally Kift akaisogeza hoja mpaka jikoni: kitu pekee ambacho wanafunzi wote wanashiriki ni mtaala, basi mtaala ndio ubebe kazi ya kuwavusha. Naamini hapo ndipo penye ukweli, na ndipo penye jasho pia.

Hesabu saa kabla ya kupanga mada

Muhtasari wa kozi kwa kawaida hupangwa kwa mada: wiki kumi na nne, mada kumi na nne. Saa za mwanafunzi hazihesabiwi. Hebu tuzihesabu. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima una krediti 60. Kozi ya krediti 6 basi ni saa 150 hadi 180. Zigawanye kwa wiki 20 za muhula, ukijumlisha na wiki za maandalizi na mitihani: unapata saa 7 na nusu hadi 9 kwa wiki. Vipindi vikichukua saa 4, zimebaki saa 3 na nusu hadi 5 za kusoma na kufanya mazoezi.

Sasa mpe mwanafunzi huyo makala mbili za kurasa 25 kila moja. Msomaji mgeni wa taaluma, anayesimama kwenye kila istilahi, akisoma kurasa 8 hadi 10 kwa saa amejitahidi. Kurasa 50 zinakula saa 5 hadi 6. Bajeti imepasuka kabla hajagusa zoezi, na ana kozi nyingine nne zinazomdai vilevile. Atakachokata kwanza ni usomaji, kwa kuwa hakuna anayemuuliza. Wiki inayofuata haelewi mhadhara uliojengwa juu ya makala asizozisoma, wiki ya tatu anaanza kutegemea madesa ya mwaka uliopita, na mhadhiri anaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi. Makala moja, kurasa 15, ikiwa na maswali matatu ya kujibu wakati wa kusoma, inasomwa. Mbili bila maswali hazisomwi.

Hatua ya pili ni jedwali moja kwa kozi zote za muhula. Wiki zishuke upande wa kushoto, kozi zipangwe juu, na kila kazi yenye alama iandikwe kwenye kisanduku chake pamoja na uzito wake. Jedwali hili likichorwa kwa mara ya kwanza huonyesha jambo lilelile: wiki za kwanza ni tupu kabisa, halafu wiki ya 7 na ya 12 zina kazi nne au tano kwa mpigo. Hakuna aliyekusudia. Kila mhadhiri peke yake aliona "katikati ya muhula" ni wakati mwafaka. Mkutano wa saa moja, kabla ratiba haijatangazwa, unatosha kuzitawanya. Kanuni rahisi ya kuanzia: zisizidi kazi mbili zenye alama kwa wiki, na kila kozi iwe na kazi moja ndogo kabla ya wiki ya nne.

Mkutano huo hukwama sehemu moja. Watu wako tayari kusogeza tarehe, hawako tayari kupunguza. Kufuta mada kunauma. Mtu anahisi anaisaliti taaluma yake. Dawa ni kumleta mezani anayefundisha mwaka wa pili na kumuuliza: mwanafunzi akikufikia, ungetaka awe anaweza kufanya nini bila kusaidiwa? Atataja mambo matatu au manne. Mada yoyote isiyojenga mojawapo kati ya hayo inaweza kuhama au kuondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na mazoezi.

Kazi ya kwanza

Nikiambiwa nibadilishe kitu kimoja tu katika kozi, nitabadilisha hiki. Kazi ya kwanza itoke wiki ya 2, ikusanywe wiki ya 3, irudi wiki ya 4. Ukurasa mmoja, maneno 300, uzito wa asilimia 5. Uzito huo ni mdogo kiasi kwamba kuanguka hakumzamishi mtu, na ni mkubwa kiasi cha kumfanya aifanye. Kazi isiyo na alama kabisa hufanywa na wenye nafasi. Waliobanwa huiruka, nao ndio walengwa. Linganisha na insha ya asilimia 30 inayokusanywa wiki ya 8 na kurudi wiki ya 12: mwanafunzi anajifunza chuo kinataka nini wakati muhula unaelekea kwisha.

Halafu swali lenyewe. Chukua swali la aina hii, ambalo limejaa kwenye mihtasari ya kozi:

"Jadili kwa kina sababu za mmomonyoko wa udongo."

Mhadhiri analisoma na kuona hoja, ushahidi na upimaji wa sababu ipi inazidi ipi. Mwanafunzi aliyetoka sekondari anaona orodha. Ataleta sababu saba, kila moja na sentensi mbili, na hitimisho linalorudia utangulizi. Hakuzembea, amefanya hasa kile kilichompa alama miaka yote iliyopita. Neno "jadili" halikumwambia kwamba mchezo umebadilika. Sasa liandike hivi:

"Lengo: kujizoeza kutetea hoja kwa takwimu, ustadi utakaoutumia tena katika kazi ya pili na kwenye mtihani. Kazi: umepewa takwimu za mteremko, mvua na uoto za maeneo mawili, A na B. Kwa maneno yasiyozidi 300, eleza ni eneo lipi litapoteza udongo zaidi. Tumia sababu mbili tu, na uonyeshe ipi ina uzito kuliko nyingine. Vigezo: hoja yako inaonekana katika sentensi mbili za kwanza, alama 1, kila sababu imeegemea takwimu uliyopewa, alama 2, umeeleza kwa nini sababu moja inaizidi nyingine, alama 2."

Mpangilio wa lengo, kazi na vigezo umeenezwa Marekani na Mary-Ann Winkelmes, mtaalamu wa ufundishaji wa vyuo, na faida yake ya kwanza humwendea mwalimu: ukishindwa kuandika lengo, pengine kazi hiyo haina lengo. Wapo wanaosema huku ni kulainisha. Sioni hivyo. Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Kilichoondolewa ni fumbo la kutojua unachotakiwa kufanya, na fumbo hilo huwaumiza zaidi wale ambao nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo.

Kabla hawajaandika, tenga dakika 20 darasani. Andaa majibu mawili ya swali jingine linalofanana, moja zuri na moja la wastani, yote umeyaandika wewe mwenyewe. Wanafunzi wayape alama kwa vigezo vilevile, wawili wawili, kisha wataje alama zao kwa sauti. Watatofautiana, na katika kubishana kwa nini mmoja ametoa 2 na mwingine 4 ndipo vigezo vinapoanza kuwa na maana kwao. Usionyeshe jibu zuri peke yake. Ukifanya hivyo watanakili umbo lake, mpaka idadi ya aya, bila kujua uzuri wake uko wapi.

Usahihishaji ndio unaoogopwa, basi tuuhesabu nao. Wanafunzi 120, dakika 4 kwa kila karatasi, ni dakika 480, yaani saa 8. Wakigawana watu wawili ni nusu siku kwa kila mmoja. Dakika 4 zinatosha kwa njia hii: soma karatasi kumi za mwanzo bila kuandika chochote, orodhesha makosa yanayojirudia, yatazidi nane kwa nadra, uyape herufi A hadi H. Kila herufi iwe na maelezo ya mistari miwili: kosa ni nini, linarekebishwaje. Wape darasa zima orodha hiyo. Kwenye kila karatasi andika herufi zinazohusika na sentensi moja ya kwako. Sentensi hiyo iangalie mbele. "Hoja dhaifu" haimsaidii mtu. Hii inamsaidia: "Umetaja takwimu ya uoto ukaiacha hapo; kwenye kazi ya pili, baada ya kila takwimu andika sentensi inayosema inathibitisha nini."

Bado kuna shimo moja. Wengi hutazama alama, hufunga karatasi, na mrejesho wako unaishia hapo. Lizibe kwa sharti dogo: kazi ya pili ianze na mistari miwili inayosema mwanafunzi amerekebisha nini kutokana na mrejesho wa kwanza. Mpe alama moja kwa hilo. Ghafla mirejesho inasomwa.

Dakika 50 za mhadhara

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika ngazi ya chuo. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, katika madarasa ambamo wanafunzi walifanya kazi wakati wa kipindi, asilimia 21.8. Tofauti hiyo kwa darasa la watu 120 ni wanafunzi kama 14.

Kufanya kazi si lazima kuwe na vifaa. Kila baada ya dakika 15 hivi simama, weka swali moja la kuchagua ambalo majibu yake potofu yametoka kwenye makosa halisi ya wanafunzi. Wajibu kimya kwa kunyoosha vidole au kadi. Utaratibu uliopata umaarufu kupitia Eric Mazur wa Harvard unakupa uamuzi: wakipata wengi, kama asilimia 70 na zaidi, eleza kwa ufupi uendelee; wakipata wachache, chini ya 30, rudia dhana kwa njia nyingine; wakiwa katikati, wape dakika 2 wamshawishi jirani mwenye jibu tofauti, kisha wapige kura tena. Kosa la kawaida ni kulifafanua jibu kabla ya kura ya pili, maana hapo mjadala unakufa. Kosa jingine ni swali jepesi ambalo wote wanalipata. Limekula dakika tatu bila kufundisha kitu.

Na lile swali la "mmeelewa?" liachwe. Mgeni hawezi kusema "hapana" mbele ya watu 120. Uliza swali halisi, halafu ngoja. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu wa shule katika miaka ya 1970 akakuta husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu wenyewe au kumgeukia mwingine. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Sekunde hizo ukizihesabu moyoni huonekana ndefu mno. Wanafunzi wakiandika kwanza majibu yao, subira inakuwa rahisi kwako na kwao.

Mwanzo wa kipindi nao una kazi. Wanafunzi wapya wengi hurudia kusoma daftari wakiamini ndiko kujifunza, kwa sababu maneno wanayoyatambua huwapa hisia ya kuelewa. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa watu kifungu cha kusoma. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena 42. Kwa hiyo fungua kila mhadhara kwa maswali matatu ya kujibu bila daftari, dakika 4: mawili ya wiki iliyopita, moja la wiki tatu nyuma. Waambie pia sababu, na uwaonyeshe takwimu hizo. Mbinu ya kusoma inayofundishwa ndani ya mada yenyewe hushika kuliko ile ya semina ya jioni.

Kumwona anayeteleza

Jaribio la kupima msingi katika wiki ya 1 ni zuri endapo tu umeshaandaa la kufanya na matokeo. Maswali 10 yasiyo na alama, mawili mawili kwa kila stadi ambayo kozi inaichukulia kuwa ipo. Kwa kila stadi, tayarisha karatasi ya zoezi la saa moja. Nusu ya darasa wakikosa stadi ileile, hilo si tatizo la mtu mmoja mmoja tena, ni nusu ya kipindi cha wiki ya 2. Jaribio lisilofuatwa na kitu huwaambia waliofanya vibaya kwamba hapa si mahali pao, kisha linawaacha na habari hiyo.

Baada ya hapo, dalili tatu zinatosha kufikia wiki ya 4: hajakusanya kazi ya kwanza, amekosa semina mbili mfululizo, au hajaingia hata mara moja kwenye ukurasa wa kozi. Alama za mtihani wa kati zinachelewa mno kuwa dalili. Ujumbe utumwe na mtu anayemfundisha, ndani ya siku mbili, kwa jina lake. "Mahudhurio yako hayaridhishi, wasiliana na idara" humfukuza. Jaribu hivi: "Habari, sijaipata kazi yako ya kwanza. Bado unaweza kuileta mpaka Ijumaa. Kama umekwama kwenye swali, njoo Jumatano saa nane mchana, tutaanza pamoja aya ya kwanza. Kama kuna jambo jingine linalokubana, niambie kwa maneno machache, nikuelekeze kwa anayehusika." Ujumbe huu una alichokiona mwalimu, hatua moja, na muda.

Saa za ofisi hazieleweki kwa mgeni. Wengi hudhani ni za kujieleza ulipokosea. Fanya ziara ya kwanza iwe ya wote: vikundi vya watu wanne, dakika 10, kabla ya wiki ya 5, kila mmoja aje na swali moja. Kwa wanafunzi 80 hizo ni ziara 20, saa 3 na dakika 20 kwa jumla. Mlango ukishavukwa mara moja, mara ya pili ni rahisi.

Vikundi vya kujisomea vinavyoongozwa na wanafunzi waliotangulia vina utaratibu mzuri uliozaliwa Chuo Kikuu cha Missouri mjini Kansas City mwaka 1973, chini ya Deanna Martin. Siri yake ni kulenga kozi ngumu badala ya wanafunzi dhaifu, hivyo kuhudhuria hakumvunjii mtu heshima. Kiongozi ni aliyefaulu vizuri kozi hiyo, huhudhuria mihadhara upya pamoja na wapya, na kazi yake ni kuuliza na kuwafanya waelezane. Akigeuka kuwa mhadhiri wa bei nafuu anayefundisha mada upya, wanafunzi huacha kwenda kwenye mhadhara wenyewe. Na saa yake iingizwe kwenye ratiba rasmi. Ikiachwa "tutapanga wenyewe", imekufa.

Kuhusu unakili na programu za akili mnemba, neno moja: fundisha kunukuu kwa zoezi la dakika 30 kabla ya kazi ya kwanza, na kwenye kila kazi andika wazi kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Wanafunzi wapya wengi wanapokosea hapa wanakosea kwa kutojua, na kikao cha nidhamu si mahali pa kujifunzia alama za mnukuo. Wiki ya kuwapokea nayo ipunguzwe. Mambo ya maktaba yaelezwe wiki ile wanayohitaji kitabu, ya mitihani wiki mbili kabla ya mtihani.

Wiki ya 5, wape kipande cha karatasi kisicho na jina, maswali matatu: nini kiendelee, nini kiachwe, nini kianze. Dakika 5. Zisome siku hiyohiyo, zipange kwa mafungu, na kipindi kinachofuata waambie kwa dakika mbili ulichokisoma, jambo moja utakalolibadilisha kuanzia leo, na jambo moja usiloweza kulibadilisha pamoja na sababu yake. Ukizikusanya ukanyamaza, mwezi unaofuata watakurudishia karatasi tupu.